Kuvisha karatasi au kushonea juu yake: uanze na njia ipi ya viraka?

Karatasi huingia kwenye ufundi wa mifarishi ya viraka (matandiko yaliyoungwa kwa vipande vya vitambaa) kwa njia mbili, na huchanganywa sana kwa sababu zote mbili huanza na mkasi, rula na penseli. Katika ya kwanza, karatasi ngumu iliyokatwa kwa umbo kamili huvishwa kitambaa, kingo zikakunjwa nyuma na kupigwa bandi (vishono vya kushikiza tu), kisha viraka vikaunganishwa kwa mkono ukingo kwa ukingo. Hapa tutaiita kuvisha. Katika ya pili, mchoro mzima huchorwa kwenye karatasi nyepesi, vitambaa vikawekwa upande usio na mchoro, na cherehani ikapita juu ya mistari. Karatasi huchanwa kazi ikiisha. Hii tutaiita kushonea juu.

Kuvisha ni kukongwe. Mfarishi wa viraka wa zamani kuliko yote yenye tarehe kule Uingereza, wa hariri, una mwaka 1718, na ulishonwa kwa karatasi namna hiihii. Ukongwe huo si sababu ya kuichagua njia hiyo, ila unaonyesha kwamba haidai kifaa chochote ambacho hakipo nyumbani.

Umbo kwanza, cherehani baadaye

Wengi huchagua kwa kuangalia kama nyumbani kuna cherehani. Hicho ni kigezo cha pili. Kwanza tazama mchoro unaoutaka, hasa pale viraka vinapokutana.

Chukua pembesita. Viraka vitatu hukutana kwenye kona moja, na hakuna mshono unaonyooka toka ukingo mmoja wa kazi hadi wa pili. Cherehani ikishona hapo lazima isimame milimita 6 kabla ya ukingo, sindano ibaki chini, kitambaa kigeuzwe, ianze tena, na hivyo mara mia kadhaa. Kwa kuvisha, kona hiyo haina ugumu wowote, maana kila kiraka kimeshakunjwa na kukamilika kabla hakijaguswa na mwenzake. Wapo wanaoikata pembesita katikati wakaishona kwa safu kwenye cherehani. Inawezekana, ila kila pembesita itabaki na mshono tumboni, na kwenye kitambaa cha rangi moja mshono huo unaonekana toka mlangoni.

Sasa chukua nyota ya ncha nane, miale ya jua, mshale, safu ya milima, au jani la chai lenye mishipa. Hapa shida ni ncha: kiraka kinaisha kwa upana wa sifuri, na kukikunja kwenye karatasi huacha fundo nene nyuma. Kushonea juu ndiko kwenyewe. Kanuni ya kupima mchoro ni hii: kama unaweza kuvipa viraka namba 1, 2, 3, 4, na kila kipya kikaungwa kwa mstari mmoja mnyoofu kwenye vilivyotangulia, mchoro huo unashoneka juu ya karatasi. Ukikwama, ugawe sehemu mbili au tatu, kila moja ishonwe peke yake kisha ziunganishwe.

Kigezo kingine ni mahali unapofanyia kazi. Kuvisha hutoshea kwenye mkebe wa biskuti: karatasi, vipande, sindano, uzi, mkasi mdogo. Kunafaa kibandani ukisubiri wateja, kliniki kwenye foleni, hata ndani ya basi la Mbeya–Iringa. (Ukiendelea hadi Morogoro, kwenye kona kali za mlima Kitonga sindano irudi mkebeni.) Kushonea juu kunataka meza, cherehani, pasi karibu ya kufikia kwa mkono, na mwanga wa kupenya karatasi. Hakusafiri.

| | Kuvisha | Kushonea juu |
|---|---|---|
| Mshono | wa mkono | wa cherehani |
| Karatasi | ngumu, hutumika tena na tena | nyepesi, huchanwa. Moja kwa kila mraba |
| Maumbo | pembesita, almasi, maumbo yanayokutana konakona | ncha kali, miale, nyota, picha za mistari minyoofu |
| Pasi | mwanzoni na mwishoni | baada ya kila mshono |
| Kitambaa kinachopotea | kinahesabika | kingi, hasa kwenye ncha |
| Kosa | kufumua vishono 15 kwa mkasi mdogo | kufumua mshono mfupi mno, na karatasi imeshatobolewa |

Mwenye cherehani aanze na kushonea juu, mraba wa vipande 5 hadi 7, kwa sababu jioni moja inatosha kumaliza mmoja na kujua kama mkono umeelewa. Asiye nayo aanze na pembesita zenye ubavu wa sm 3. Michoro mingi ya mtandaoni huanza na inchi 1, yaani sm 2.5, lakini kwenye kitenge kizito kipimo hicho kinabana: mikunjo ya nyuma inakaribia kugusana katikati na sindano inapata taabu.

Karatasi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia kabla uzi haujapita kwenye tundu la sindano.

Kuvisha kunataka karatasi inayobaki wima ikikunjiwa kitambaa. Manila ya chati za shuleni, ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba, ni sawa kabisa. Jalada la daftari kuukuu linafaa pia. Karatasi ya kaki, ya aina inayotengenezwa Mgololo kule Mufindi, ina nyuzi ndefu na haichaniki kwa urahisi. Kwa kuvisha ibandike mbili pamoja na utapata umbo litakalotumika tena mara nyingi. Isiwe mfuko wa saruji uliokwisha kutumika, kwani vumbi lake halitoki kwenye kitambaa. Gazeti lisiguse kazi yoyote kati ya hizi: wino wake huhamia kwenye vidole, kisha kwenye kitambaa cheupe.

Kushonea juu kunataka kinyume chake, karatasi inayokubali kufa. Ya fotokopi ya gramu 80 inatosha, na iliyo nyembamba zaidi, kama ya kurasa za daftari, huchanika vizuri zaidi. Kaki hapa ni adhabu: utavunja mshono kabla karatasi haijachanika.

Ukipeleka mchoro kwenye duka la fotokopi, chora pembeni mstari wa sm 10 kamili, kisha upime kwenye nakala kabla hujalipa. Mashine nyingi hupunguza ukubwa kidogo ili ukurasa uingie wote. Asilimia 3 tu hugeuza mraba wa sm 15 kuwa sm 14.55, na ukipanga kumi kwa safu umepoteza sm 4.5. Nakala zote zitoke kwenye karatasi mama moja, kwenye mashine moja. Nakala ya nakala hujipinda.

Kuna mtego mwingine wa fotokopi. Wino wake ni unga ulioyeyushwa kwa joto ukashika karatasi, na pasi ya moto huuyeyusha tena. Ukipiga pasi upande wa mistari, wino huhamia kwenye pasi, na pasi huupeleka kwenye kiraka kinachofuata. Pasi ipite upande wa kitambaa, na chini ya karatasi utandike kitambaa kikuukuu.

Kuhusu ukubwa, mraba wa sm 15 pamoja na akiba (ziada inayobaki nje ya mstari wa mshono) ya milimita 6 pande zote ni sm 16.2, kwa hiyo A4 moja hutoa mraba mmoja. Mraba wa sm 12.5 unakuwa sm 13.7, na miwili inaingia kwenye A4 moja. Mfarishi wa sm 150 kwa 200 unahitaji miraba 192 ya kipimo hicho, yaani kurasa 96. Kwa sm 15, mfarishi wa sm 150 kwa 195 unahitaji miraba 130 na kurasa 130.

Tukuyu na Kyela, ambako unyevu ni mwingi, karatasi hulegea zikiachwa wazi. Manila iliyolegea hupinda ubavu, na ubavu uliopinda hauungani na mwenzake. Zifungie kwenye mfuko wa plastiki.

Kitambaa

Pamba tupu, basi. Vitenge vingi vinavyong'aa sokoni ni poliesta, na muuzaji si lazima ajue. Chomoa nyuzi chache, ziwashe: pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi na kuacha majivu laini, poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kwa kuvisha, poliesta haishiki mkunjo. Kwa kushonea juu ni mbaya zaidi, kwa sababu pasi inarudi kila dakika, na joto linalonyoosha pamba linaweza kuiyeyusha.

Kitenge kifuliwe kabla ya kukatwa. Kina ugumu wa dukani ambao hutoka kwenye maji, na hujikunyata kidogo. Rangi nyekundu na bluu nzito zijaribiwe kwa kitambaa cheupe chenye maji: kisugue juu ya kitenge, ukiona doa, endelea kufua mpaka likome. Chumvi peke yake haizuii rangi kuchuja, ingawa ushauri huo hausikii kuzeeka. Baada ya kufua, wanga mwepesi wa muhogo na pasi hurudisha ugumu unaoutaka wewe. Kwa kushonea juu hilo linasaidia kuliko kwa kuvisha, maana vipande vingi huko vimekatwa mshazari na hunyumbuka.

Michoro mikubwa ya kitenge ndiyo inayotofautisha njia hizi mbili zaidi ya kitu kingine, na ni ajabu kwamba haisemwi. Kuvisha kunakuruhusu kuchagua: unaweka umbo la plastiki juu ya kitenge, unalisogeza mpaka ndege, jicho au ua likae katikati, unakata. Pembesita sita zenye sehemu ileile ya mchoro zikizunguka moja hutoa ua ambalo halikuwepo kwenye kitenge. Kushonea juu kunauua mchoro mkubwa. Kwenye mwale wa upana wa sm 2, tausi anabaki unyoya mmoja usioeleweka. Kwa kushonea juu tafuta vitambaa vya rangi moja na vya michoro midogo. Mashati ya pamba na shuka za mtumba za soko la Mwanjelwa, Mbeya, au Soko Kuu la Iringa hufaa kuliko kitenge kipya: zimefuliwa mara nyingi, hazichuji, na ni nyembamba. Shati moja la mwanaume lina mgongo, mikono miwili na vifua viwili vya kukata, na mistari yake, ikigeuzwa huku na huku kwenye miale, inapendeza.

Khanga ni nyepesi na nyuzi zake huchomoka. Kwa kuvisha ongeza akiba iwe sm 1.

Kuvisha, hatua zake

Bikari ifunguliwe sm 3. Chora duara, kisha bila kuibadili weka ncha yake kwenye mstari wa duara na utie alama. Hamia kwenye alama, rudia. Alama ya sita itaangukia ulipoanzia. Ikipishana, bikari imelegea. Unganisha alama kwa rula, na hiyo ndiyo pembesita yenye ubavu wa sm 3: kona hadi kona sm 6, bapa hadi bapa sm 5.2. Ya kwanza ikate kwenye plastiki ngumu, kwa mfano kifuniko cha ndoo ya rangi, na zote zifuate hiyo. Ukinakili karatasi kwa karatasi, unene wa mstari wa penseli hujumlishwa kila mara, na za mwisho zitakuwa kubwa kuliko za mwanzo.

Kitambaa kikatwe sm 8 kwa 7. Si lazima kiwe na umbo la pembesita. Kinachotakiwa ni akiba isiyopungua milimita 6 kila ubavu. Weka karatasi upande wa ndani, tia pini moja. Kunja ubavu wa kwanza, kisha wa pili, na penye kona utapata mkunjo. Piga vishono viwili kwenye mkunjo huo, kwenye kitambaa tu bila kutoboa karatasi, uende kona ifuatayo. Bandi ya namna hii hubaki ndani daima, na karatasi hutoka bila kufumuliwa kitu. Umbo likizidi ubavu wa sm 5, kitambaa hulegea katikati ya ubavu, kwa hiyo piga bandi kupitia karatasi na uifumue baadaye. Gundi ya kijiti ya wanafunzi huharakisha kazi, lakini paka mstari mwembamba ndani kidogo ya ukingo. Ikizidi, karatasi hukataa kutoka na hung'oa nyuzi.

Kuunganisha: viraka viwili viwekwe nje kwa nje, yaani sura zikitazamana, kona zilingane. Sindano nyembamba ya mkono, namba 9 au 10 (namba ikipanda sindano huwa nyembamba), uzi mmoja usiozidi sm 45. Zungushia ukingo kwa vishono 5 kila sentimita, ukishika nyuzi mbili tatu tu za kila mkunjo. Sindano ikigonga karatasi, umezama mno. Kwenye kona rudia vishono viwili palepale, kwa sababu hapo ndipo matundu hufunguka.

Vishono vikionekana mbele, kuna sababu tatu na zinajulikana kwa macho. Vikiwa kama ngazi zenye nafasi sawa, umeshika kitambaa kingi. Ukingo ukijikunyata, umevuta uzi. Vikiwa safi lakini vinang'aa, ni rangi ya uzi: kijivu cha kati hupotea kwenye karibu kila kitenge, cheupe hakipotei popote. Na kama ubavu mmoja unaonekana mrefu kuliko wa jirani, usiuvute ulingane. Ama kitambaa kimelegea kwenye kona ile, ama karatasi yenyewe imekunjika. Fungua bandi ya kona hiyo, kaza, rudia.

Ua dogo ni pembesita 7: moja katikati, sita kandokando, jumla mishono 12. Duru inayofuata inaongeza 12 (jumla 19), na nyingine 18 (jumla 37). Pale unaposhona ubavu wa pili kwenye kona, kunja karatasi ya kiraka cha katikati bila woga, itanyooka. Karatasi ya kiraka hutolewa pande zake zote sita zikishaungwa, si kabla. Piga pasi kwanza zikiwa ndani, kisha toa. Za ukingoni zibaki mpaka pindo la nje liungwe, la sivyo kingo zitatepeta.

Almasi zina jambo moja la ziada: kitambaa huzidi kwenye ncha na kuning'inia nyuma kama sikio. Usilikate, usilishone. Yaelekeze masikio yote upande mmoja, yatalaliana yenyewe.

Kushonea juu, hatua zake

Cherehani kwanza. Mshono uwe mfupi, milimita 1.5 hadi 1.8, ili utoboe karatasi kwa ukaribu na usivunjike wakati wa kuchana. Cherehani nyingi za mguu zimefutika namba. Shona sm 1 kwenye karatasi tupu uhesabu. Ukipata vishono 6 au 7, uko sawa. Pungufu ya hapo utachana mshono pamoja na karatasi. Ukizidisha hadi 9, karatasi hukatika yenyewe ungali unashona, na kufumua inakuwa vita vya wembe. Sindano namba 14, na iwe ya karatasi tu: karatasi huitia butu haraka, na sindano butu ikirudi kwenye nguo huruka vishono. Ukimaliza, fungua bamba na usugue vumbi la karatasi kwenye meno, kisha tia mafuta.

1. Chora mraba, gawa, tia namba kwa mpangilio wa kushona, ongeza milimita 6 kuzunguka. Kumbuka kwamba mchoro utatokea kinyume, kama kwenye kioo. Nyota haijali. Herufi, ndege anayetazama kulia, na ramani vinajali sana: vichore kinyume toka mwanzo.
2. Kata kipande cha kila namba kikubwa kuliko sehemu yake kwa sm 2 kila upande. Ukizoea, punguza hadi sm 1.
3. Geuza karatasi. Kipande namba 1 kiwekwe upande usio na mistari, sura yake ikikutazama, kifunike sehemu ya 1 na kuzidi mstari wote kwa milimita 6 au zaidi. Inua dirishani kuhakikisha.
4. Kipande namba 2 kilaze juu ya cha 1, nje kwa nje, kingo zikizidi mstari unaogawa 1 na 2.
5. Kabla ya kushona, tia pini mbili juu ya mstari na ukifunue kipande 2 mahali pake. Kimefunika sehemu ya 2 pamoja na akiba? Shona. Hakikufunika? Umejiokolea ufumuaji.
6. Geuza, shona juu ya mstari, ukianza vishono 3 kabla na kuishia vishono 3 baada yake.
7. Kunja karatasi nyuma kwenye mstari huohuo, kata kitambaa kibaki milimita 6, funua, piga pasi.
8. Endelea kwa namba. Mwisho kata mraba wote kwenye mstari wa nje wa akiba.

Hatua ya tano ndiyo wanaoanza huiruka, na ndiyo chanzo cha makosa mengi kuliko mengine yote yakijumlishwa. Kipande cha mshazari hakifunuki kuelekea pale jicho linapodhani. Huzunguka kwenye mstari, na kona yake moja hubaki fupi. Kama mchoro una pembe kali, usikate kwa umbo. Tumia kipande cha mstatili kilicho kikubwa na ukubali hasara.

Umekosea na lazima ufumue? Vuta kitambaa cha juu taratibu, kata uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe toka upande wa kitambaa. Karatasi ikikatika, bandika kijikaratasi chembamba kwa gundi, si selotepu, maana selotepu huyeyuka chini ya pasi.

Pasi ya mkaa inafaa ikipangiwa kazi. Kuiwasha kwa mraba mmoja ni kupoteza mkaa. Shona mshono wa kwanza wa miraba kumi bila kukata uzi katikati, kata akiba zote, piga pasi zote kwa mpigo, kisha mshono wa pili. Kati ya pasi na pasi, ukucha au mgongo wa kijiko unatosha kulaza mshono mfupi. Pangusa kitako cha pasi kwenye kitambaa kilicholowana kila inapojazwa, na matundu ya majivu yaelekezwe mbali na kazi.

Karatasi zisitolewe mpaka miraba iungwe na majirani zake. Kingo za nje mara nyingi ni za mshazari, na karatasi ndiyo inayozizuia kunyumbuka. Kuchana: kunja kwenye mshono, bana vishono kwa kidole gumba, vuta kwa pembeni. Ikigoma, lowanisha kidogo mstari wa mshono, isipokuwa kama ulichora kwa kalamu ya wino.

Hesabu ya kazi

Kwa mfarishi wa sm 150 kwa 200, pembesita za ubavu wa sm 2.5 ni karibu 1,850, na mishono ya kuziunga ni karibu mita 138. Kwa sm 3 ni karibu 1,280 na mita 115. Kwa sm 4 ni karibu 720 na mita 87. Kwa vishono 5 kila sentimita, hiyo ni karibu 69,000, 58,000 na 43,000. Kwa hiyo sentimita moja na nusu ya ubavu inaokoa vishono 26,000. Mto wa sm 40 kwa 40 wenye pembesita za sm 3 unataka kati ya 80 na 90. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya busara, si kitanda.

Kitambaa: pembesita ya sm 3 ina sentimita za mraba 23 zinazoonekana, na kipande cha sm 8 kwa 7 kina 56. Zaidi ya nusu iko nyuma au imekatwa. Kwa sm 4, ikikatwa kwa umbo lake, hasara hushuka hadi chini ya theluthi. Kwa kushonea juu hakuna hesabu moja, lakini kwa miale mikali tayarisha kitambaa mara mbili ya eneo. Mabaki ya mafundi cherehani hupunguza maumivu hayo, mradi yawe ya pamba.

Kuna tofauti inayotokea mwisho tu. Kazi ya kushonea juu ina mishono mingi inayorundikana, na sindano ya mkono hupita kwa shida kwenye tabaka tatu za mfarishi: viraka vya juu, kijazo cha katikati na kitambaa cha chini. Kwa baridi ya Makete na Njombe, ambako wengi huweka blanketi la mtumba katikati badala ya pamba, usijaribu kuidarizi yote kwa mkono. Ifunge kwa mafundo ya uzi mnene kila sm 10, ukikwepa makutano ya mishono. Kazi ya kuvisha ni bapa zaidi na hukubali mshono wa mkono milimita 6 ndani ya kila pembesita.

Zikikaa kwenye mfarishi mmoja

Si lazima zigombane. Ua la pembesita 7 za sm 3 lina sm 15 kwa 15.6, na hukaa vizuri kwenye mraba wa kitambaa wa sm 20, huku miraba ya kushonea juu ya sm 10 ikilizunguka, miwili kwa kila upande na mmoja kila kona, jumla 12. Kata kitambaa cha chini sm 23. Piga pasi ua likiwa na karatasi zake, zitoe, lilaze katikati, lishonee kwa mkono kwenye kingo zake za nje, na ndipo ukate mraba hadi sm 21.2. Ukikata sm 21.2 kabla ya kushonea ua, kitambaa kitajikunyata milimita kadhaa na hakitalingana na miraba ya karatasi, ambayo haisogei.